GARI LIKIKAA CHINI NYUMA: PIMA UZITO KABLA YA KUONGEZA CHUMA

(Maneno ya hotuba ya mwanachama wetu, fundi wa springi, mbele ya wanachama wa gereji za Kawangware, Kangemi na Dagoretti Corner. Kamati imeona yapigwe chapa yote, pamoja na maswali yaliyoulizwa.)



Nimeombwa niseme juu ya kazi moja inayoingia katika gereji zetu siku hizi, nayo ni kazi ya magari ya kulala, ambayo wengine huyaita magari ya nyumba. Mtu hununua Toyota HiAce au Nissan iliyokwisha kufanya kazi ya matatu au ya kuchukua watalii. Huondoa viti, huweka kitanda cha mbao, meko, mtungi wa gesi, friji, betri na tangi la maji, kisha hutaka kwenda nayo Naivasha, Baringo na hata Turkana. Baada ya safari ya kwanza huileta kwetu. Nyuma imeinama kama fisi. Ekzosi inakwaruza kila tuta, na tairi zimeanza kula upande wa ndani wa bodi. Mwenyewe husema neno moja tu: "Fundi, inua." Na tajiri wa gereji, kwa kuwa anataka fedha yake kabla ya jioni, naye husema inua.

Mimi nasema fundi asiinue gari lolote kabla ya kujua uzito wake. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni sababu zake.

Kwanza tukumbuke kwamba ugonjwa huu si mgeni katika mji huu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliporuhusu matatu kufanya kazi bila ile leseni ya mabasi, barabara zilijaa magari madogo ya mizigo yaliyojengewa bodi nyuma. Bodi ilikuwa ndefu kuliko chesisi, watu walikaa nyuma ya ekseli, na wengine wakasimama penye ngazi, mbali zaidi tena. Gari lilitembea pua juu. Mafundi wa siku hizo waliongeza chuma, na gari lilipoinuka wenye magari waliongeza watu, likashuka tena. Ilikuwa ni mbio zisizo na mwisho. Zile amri za Waziri Michuki zilizoanza kushikwa tarehe 1 Februari 2004 ziliwekwa kwa ajili ya usalama wa abiria, kwa mikanda na vidhibiti mwendo, lakini sisi watu wa springi tuliona faida nyingine. Gari lililokuwa likijazwa watu 18 lilipowekwa watu 14, springi zilipumua.

Sasa gari la kulala linaturudisha kule tulikotoka, tena kwa njia mbaya zaidi. Abiria 14, tukihesabu kilo 70 kwa kila mmoja, ni kilo 980. Mwenye gari husema, "Lilikuwa likibeba watu 14, litashindwaje na kitanda na sufuria?" Hesabu yake ina kasoro mbili. Abiria hushuka, lakini nyumba haishuki. Matatu ya 46 ikifika Kawangware watu huteremka, na usiku gari hulala tupu, springi zikapumzika. Gari la kulala hulala na mzigo wake mwaka mzima, nazo springi za zamani zilizokwisha kuchoka huendelea kukaa chini kidogo kidogo hata likiwa limeegeshwa uani. Kasoro ya pili ni mahali pa mzigo. Viti vya matatu vimepangwa toka mbele hata nyuma, lakini seremala wa gari la kulala hupenda kuweka vitu vizito vyote mlango wa nyuma, maana ndipo penye nafasi.

Nataka tukae kidogo hapa kwenye mahali pa mzigo, maana wengi wetu hatujapata kuonyeshwa hesabu yake. Chukueni gari ambalo toka ekseli ya mbele hata ekseli ya nyuma ni mita 2 na nusu. HiAce ya kawaida hupita hapo kidogo tu. Wekeni tangi la maji la lita 100, ambazo ni kilo 100, mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma. Je, ekseli ya nyuma imeongezewa kilo ngapi? Si 100. Imeongezewa kilo 140, na ekseli ya mbele imepunguziwa kilo 40. Ni kama watoto wanaocheza bembea ya ubao: aliyekaa mwisho wa ubao anamwinua mwenzake. Sasa hamisheni tangi lile lile, na maji yale yale, likae mita 1 mbele ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma itachukua kilo 60 na ya mbele 40. Kwa kuhamisha tangi tu, bila kununua hata nati moja, mmeondoa kilo 80 juu ya springi za nyuma. Springi gani mtakayonunua Kirinyaga Road itawapa faida hiyo bure?

Kwa hiyo kabla ya kugusa springi, ingieni ndani ya gari mkatazame. Ulizeni maji yako wapi, betri ziko wapi, gesi iko wapi, ni mbao za unene gani. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukiwa umejaa hupita kilo 25, kwa sababu chuma chake nacho kina uzito. Mbao nene zilizobandikwa kila ukuta ni mzigo ambao mwenye gari hauhesabu kabisa kwa kuwa anauona kama ni ukuta.

Halafu gari lipelekwe kwenye mizani likiwa na kila kitu, maji yamejaa, tangi la mafuta limejaa, na watu wake wamo ndani. Iko mizani ya barabara kuu kule Mlolongo, na iko mizani ya watu binafsi wanaopima lori kwa malipo. Lipimwe mara mbili: gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake. Namba hizo zilinganishwe na kibao cha kiwanda au kitabu cha gari, na pia na tairi zenyewe, maana tairi imeandikwa uzito wake ubavuni. Tairi iliyoandikwa 106, kwa mfano, ni ya kilo 950, na mbili ni kilo 1,900. Ekseli yenyewe huenda ikawa ya chini ya hapo, na iliyo ndogo ndiyo inayotawala. Kama uzito umepita, dawa ni kupunguza mzigo. Fundi anayeongeza chuma katika gari lililopita uzito hakuliponya, amelificha ugonjwa. Springi ikiwa ngumu haiongezi nguvu ya ekseli, wala ya beringi, wala ya tairi, wala ya breki. Inaliondoa tumbo la gari chini tu, na askari wa barabarani asione.

Kama uzito haukupita, basi hapo kazi ni yetu. Pimeni urefu toka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi juu yake, pembe zote 4, gari likiwa juu ya sakafu iliyo sawa. Msipime toka chini, kwa sababu upepo wa tairi utawadanganya. Kama upande mmoja uko chini kuliko wa pili, tafuteni jani lililovunjika, au bolti ya katikati iliyokatika, au bushi iliyokwisha. (Nikisema jani nataka kusema kile chuma bapa, springi zetu za nyuma ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kile kikubwa kina macho pande zote mbili.) Kama pande zote mbili zimeshuka sawa, springi zimechoka.

Hapa nawaonya juu ya shokapu. Kila wiki mtu huja na shokapu mpya mbili, amekwisha kuzilipia, akidhani zitainua gari. Shokapu ya kawaida haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza springi isirukeruke. Kuuza shokapu kwa mtu mwenye springi zilizochoka ni kula fedha yake.

Dawa iliyo bora ni springi mpya za aina ya gari hilo na za uzito unaotakiwa, pande zote mbili kwa pamoja. Najua bei yake, na najua wengi hawataki kuisikia. Ya pili ni kuongeza jani moja kila upande, na hapa panatakiwa akili. Ugumu wa jani haufuati unene wake kwa kipimo sawa. Jani la milimita 9 lina ugumu zaidi ya mara 3 ya jani la milimita 6 lenye upana na urefu ule ule. Kwa hiyo yule anayechukua jani la lori kwenye chuma chakavu, akalikata na kulipachika chini ya HiAce, ametia gogo. Gari litasimama juu, hiyo ni kweli, lakini kwenye matuta ya Kangemi gurudumu la nyuma litaruka badala ya kufuata barabara, sahani zitavunjika, na baada ya miezi chesisi itaanza kupasuka pale springi inaposhikwa.

Wako wanaozipasha moto springi za zamani kwa gesi ya kuchomelea na kuzikunja upya. Springi si chuma cha dirisha. Ilipashwa moto kiwandani, ikazimwa, ikapashwa tena kwa kipimo, na huo ndio uhai wake. Ndugu zetu wanaofua panga na visu kutoka kwa majani ya springi wanajua jambo hili kuliko sisi, maana wao huanza kwa kuua ugumu ule, kisha huutia upya. Ukipasha moto mahali pamoja kwa gesi, pale umepaua, na pale ndipo patakapokatika. Kukunja springi ikiwa baridi kwa mashine kunakubalika, ila haidumu sana kama chuma kimekwisha kuchoka. Kuchomelea springi, au kuchomelea kitu juu yake, ni marufuku kwa fundi anayejiheshimu.

Njia nyingine ni zile za kuinua bila kuongeza nguvu: shakeli ndefu, na vipande vya chuma kati ya springi na ekseli. Shakeli ikirefushwa sentimita 6, gari huinuka kama sentimita 3 tu, kwa kuwa ekseli iko katikati ya springi, na ekseli yenyewe huzunguka kidogo, shafti ikaanza kutetemeka. Kipande cha chuma kimoja kilichotengenezwa vizuri huweza kutumika nyuma, kikifungwa kwa yu-bolti mpya za urefu unaofaa. Viwili kimoja juu ya kingine, hapana. Kipande cha mbao, hapana kabisa, na nasema hivi kwa kuwa nimekiona. Mifuko ya hewa nayo ni mizuri kwa kusawazisha gari, lakini haibadilishi uzito ulioandikwa kwenye kibao.

Na mwenye gari aelezwe jambo hili mapema, lisilete ugomvi baadaye: springi huinua bodi, ekzosi, tangi na bampa ya nyuma. Haiinui lile tumbo la difu lililo katikati ya ekseli. Hilo huinuliwa na tairi kubwa tu. Tairi ikiongezeka sentimita 5 kwa kipenyo, difu huinuka sentimita 2 na nusu, na saa ya mwendo huanza kusema uongo, ikionyesha mwendo mdogo kuliko ulivyo.

Sasa nafika penye roho za watu. Magari mengi ya namna hii yana vali ya breki karibu na ekseli ya nyuma, yenye kijiti kilichofungwa kwenye ekseli. Gari likijaa, bodi hushuka, kijiti husukumwa, na vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, na vali huzipunguzia ili magurudumu yasifunge na gari kuzunguka. Ninyi mkiinua gari sentimita 5 na kuacha kijiti kama kilivyokuwa, vali itadhani gari ni tupu siku zote. Gari lina mzigo wa nyumba nzima, na breki za nyuma zinafanya kazi kama za gari tupu. Hapa Naivasha Road mtu hataona tofauti. Ataiona akishuka ile barabara ya ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, breki za mbele zikiwa zimeshika moto na lori liko mbele yake. Kwa hiyo baada ya kuinua, kijiti kirekebishwe kwa kufuata kitabu cha kiwanda, breki zijaribiwe, na taa za mbele zielekezwe upya. Kazi hiyo ihesabiwe ndani ya bei. Tajiri asiyetaka kuilipia anataka ninyi mfanye nusu ya kazi na mbebe lawama nzima.

Na tuseme juu ya roho ya fundi mwenyewe. Gari la kulala ni zito kuliko lile mlilozoea kuingia chini yake, na mzigo wake uko juu na nyuma. Jeki peke yake si kitu cha kulala chini yake. Magurudumu ya mbele yazuiliwe, chesisi ikalie stendi za chuma pande zote mbili, maji yamwagwe kwanza. Mawe ya kujengea hupasuka ghafula bila kutoa ishara. Msifungue bolti ya katikati ya springi kabla ya kuibana springi kwa jiliwa au kwa klampu mbili, maana majani yale yamekunjwa kwa nguvu na yatamrukia mtu usoni.

Katika gereji moja ambayo sitaitaja, stendi zilikuwa zimefungiwa ofisini kwa sababu tajiri aliogopa zitaibwa, na vijana wakafanya kazi juu ya mawe. Wanachama walikataa, na stendi zikatoka siku ile ile. Walikuwa na haki. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema mfanya kazi akiona hatari kubwa amwarifu msimamizi, na asirudishwe mahali pale mpaka hatari iondolewe, wala asiadhibiwe kwa kuondoka akiwa na sababu ya haki. Na mtu akiumia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka ule ule wa 2007, inamtaka tajiri apeleke habari kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7. Anayekupa shilingi elfu moja ya dawa na kukwambia unyamaze anajua kwa nini anataka unyamaze.

Madereva wasidhani haya ni mambo ya watu wa spana tu. Chama alichokiongoza Fred Kubai miaka ya 1940 kiliwaweka madereva na makanika katika nyumba moja, na sababu yake mnaiona: gari linalotengenezwa vibaya chini huua aliye juu. Dereva anayeajiriwa kuendesha magari haya ya kukodi aulize karatasi ya mizani kabla ya kushika usukani. Usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi, na taa zikimulika miti badala ya barabara, mzigo uko nyuma mno. Alirudishe gari.

Kwa ajili ya kadi ya kazi, Kamati na mimi tumekubaliana maneno machache ya kuandikwa kila mara: uzito wa ekseli ya nyuma kwa mizani, urefu wa pembe 4 kabla na baada, kilichofanywa, kijiti cha vali ya breki kimerekebishwa, na kama mwenye gari alikataa kupima au kupunguza mzigo, iandikwe hivyo, atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, gari lisiinuliwe. Nakala moja ibaki na fundi. Siyo kwa tajiri peke yake.

MASWALI

Mwanachama wa Kangemi aliuliza kama yu-bolti za zamani zaweza kurudishwa. Jibu: Hapana. Zikisha kukazwa mara moja zimenyooka. Zifungwe mpya, zikazwe tena baada ya siku ya kwanza ya safari, na tena baada ya kilomita 500. Mwenye gari aambiwe arudi, na asitozwe.

Mwanachama wa Dagoretti Corner alisema: tukikataa, mwenye gari atakwenda gereji ya pili, nasi tutakosa chakula. Jibu: Ni kweli, na ndiyo sababu jambo hili limeletwa mkutanoni badala ya kuachiwa fundi mmoja mmoja. Gereji za njia hii zikidai karatasi ya mizani zote pamoja, hana pa kwenda. Kamati itazungumza na wanachama wa Uthiru kabla ya mwisho wa mwezi.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa kazi, aliuliza kama gari lililoletwa Jumatatu, ambalo tajiri wake amekwisha kupokea malipo ya kwanza, nalo lipelekwe kwenye mizani. Jibu: Ndilo la kwanza kupelekwa. Katibu atakwenda naye kesho asubuhi kuzungumza na tajiri huyo.